Koti Lililovishwa Maiti

Nguo ya mpira ya marehemu ilikuwa imefungiwa kwenye mfuko wa nailoni tangu juzi. Inspekta Rishfa alipoufungua, harufu iliyotoka ndani yake ilimrudisha nyuma hatua mbili, akaziba pua kwa ncha ya mtandio. Mkojo, jasho, chumvi iliyochacha, na kitu kingine ambacho hakutaka kukitafutia jina.

"Ptu! Thoriq, nani alikufundisha kufunga kielelezo kibichi kwenye nailoni?"

"Kanuni, afande, zinasema kielelezo kifungwe."

"Kifungwe, ndiyo. Hazikusema kivundikwe kama ndizi."

Koplo Thoriq alicheka kidogo, akaona inspekta hacheki, akarudi kutafuna popoo yake. Alikuwa mtu wa mwili, mwenye kitambi cha kukalia kiti, na kituo cha polisi cha kisiwa cha Olhuvaru kilikuwa chake peke yake, dawati moja na chumba kimoja cha mahabusu. Ndani ya chumba hicho alikuwamo Motaleb, mfanyakazi kutoka Bangladeshi, ambaye kwa miaka tisa alikuwa akijaza na kufunga mitungi ya hewa katika kituo cha wapiga mbizi cha bwana mmoja aitwaye Shaugee.

Kesi yenyewe ilikuwa imeandikwa kurasa mbili. Juzi asubuhi Naufal, kiongozi wa wapiga mbizi, kijana wa miaka ishirini na minne, alitoka na bosi wake Shaugee na huyo Motaleb kwenda kupima mkondo kabla ya wageni kuamka. Akaruka majini peke yake, kama viongozi wote wafanyavyo, na hakuibuka. Akapatikana maiti. Akazikwa jioni ile ile. Ripoti ilisema mtungi ulichomoka kwenye mkanda wake, ukaporomoka, ukamng'oa kipumulio mdomoni. Aliyefunga mkanda ni Motaleb. Saa kumi alasiri boti ya polisi ingekuja kumpeleka mji mkuu, Malé, kwa kosa la kuua kwa uzembe.

Rishfa alikuwa ametumwa kutia saini. "Kusaini tu," bosi wake alimwambia asubuhi. Lakini Rishfa alikuwa amezamia miaka sita na kikosi cha uokoaji kabla hajahamia upelelezi, na vifaa vya mzamiaji alivijua kama mpishi ajuavyo sufuria zake. Ilikuwa saa sita na robo mchana. Akavitandaza mezani.

Koti lilikuwa jeusi, jipya, la kujazwa hewa ili mzamiaji aelee anapotaka. Alivuta mikanda ya mabegani. Ilikuwa imelegezwa hadi mwisho kabisa.

"Naufal alikuwa na kilo ngapi?"

"Cheti chake cha afya cha kazini kinasema hamsini na moja."

"Na wewe?"

Thoriq akaona haya. "Tisini. Na kitu."

"Na vitu. Vaa hili."

Alilivaa akihema, akafunga bizimu ya kiunoni. Lilimkaa kama ameshonewa. Rishfa alimzunguka mara moja, kisha akainama nyuma yake na kushika mkanda ule unaopita katikati ya miguu, ambao kazi yake ni kuzuia koti lisimpande mtu masikioni. Ulikuwa bado umekunjwa vizuri na kushikwa na kijipini cha plastiki, kama ulivyotoka kiwandani.

"Mtu anazamia mara tatu kwa siku miaka mitano," alisema. "Anavaa koti la kumtosha koplo mnene, linampwaya kama kanzu ya kuazima, na hakati hata kijipini hiki ajifunge miguuni? Wewe unaamini?"

"Labda alikuwa na haraka, afande."

"Ya kwenda wapi? Vua."

Aliigeukia nguo ya mpira, akaigeuza juu chini kwa ncha za vidole, uso kaukunja. Nguo ya mzamiaji huchakaa pale koti linapoisugua. Koti jipya lilikuwa na mikanda ya mabega mipana kama kiganja. Lakini nguo hii ilikuwa imeliwa kwa mistari myembamba, unene wa kidole cha mwisho, miwili ikipita chini ya makwapa na mmoja ukikata kifua. Kwenye mgongo, chini ya kiuno, palikuwa na kiraka kilichosagika hadi kitambaa cha ndani kikaonekana, mahali ambapo koti jipya halikugusa kabisa.

"Hii ni kamba," alisema. "Naufal alivaa koti lililofungwa kwa kamba, siku nyingi. Koti hili hakulivaa hata siku moja. Motaleb alisema nini ulipomhoji?"

Thoriq alitema popoo kwenye pipa. "Alisema alifunga mtungi."

"Na nini tena?"

"Alisema... hilo si koti la Naufal."

"Imeandikwa wapi?"

Thoriq alizigeuza zile kurasa mbili.

"Sikuandika, afande. Nilidhani anajitetea tu."

"Kwa hiyo mshukiwa akijitetea huandiki, akijimaliza ndiyo unachukua kalamu?" Rishfa alinyosha kidole kuelekea chumba cha mahabusu. "Mlete uani. Lete na mtungi mtupu na koti lolote kuukuu. Usimweleze kitu."

Motaleb alitoka akifinya macho kwa jua. Alikuwa mwembamba, nywele za mvi pembeni, mikono imechubuka kwa chumvi na chuma. Rishfa alimfungulia pingu upande mmoja, akamwonyesha mtungi na koti vilivyolala sakafuni.

"Funga," alimwambia. Neno hilo tu.

Motaleb alichuchumaa. Alishika mkanda wa mtungi, akaubonyeza kwa dole gumba, kisha akainuka na kuanza kutazama huku na huku uani.

"Unatafuta nini?" Thoriq aling'aka. "Umeambiwa funga!"

"Maji, koplo. Ndoo ya maji iko wapi?"

"Ya nini?"

"Mkanda mkavu haufungwi. Ukiufunga mkavu, ukizama unalowa, unanyooka, mtungi unateleza. Unaulowesha kwanza, ndiyo unakaza." Alilisema kama mtu anayemweleza mtoto kwamba wali hupikwa kwa maji. "Kila mtungi. Miaka tisa."

Aliloweka, akakaza, akakung'uta koti mara tatu. Mtungi haukutikisika. Rishfa akamketisha kwenye kivuli cha ukuta.

"Koti lake lilikuwa lipi?"

"Namba saba, afande. Bizimu ya bega la kushoto ilikatika tangu mwezi wa Ramadhani. Alimwomba bosi koti dogo mara tatu. Bosi akamwambia, 'Kanenepe, koti litakutosha.' Akampa kamba ya buluu." Motaleb alifuta jasho. "Naufal alikuwa fundi wa kukaa majini. Mama yake alimshonea sponji mgongoni ili koti lisihame. Vipande viwili vya madini ya risasi, uzito wa kuzamia, akavitoa kiunoni akavipandisha kwenye mkanda wa mtungi, miguu isizame. Analala majini hivi, kama yuko kitandani. Lakini kamba, afande, nilimwambia. Kamba ikilowa, fundo linakuwa jiwe."

"Na juzi?"

"Hakuibuka. Bosi akaniambia chukua kile kiboti kidogo, katafute upande wa nje. Niliporudi maiti iko kwenye gati ya nyuma ya ghala, polisi wako njiani. Na kavaa koti jipya. Nikasema, 'Bosi, hili si lake.' Akaniambia pasipoti yangu anayo yeye."

Thoriq alitazama viatu vyake. Safari hii alikuwa na kalamu mkononi, na alikuwa akiandika.

Saa nane kasoro, Shaugee alikuja mwenyewe, hakuitwa. Shati jeupe, manukato ya kukata pua, na sahani ya vitumbua vya samaki iliyofunikwa kwa karatasi.

"Dada yangu Inspekta! Kazi bila kula? Haiwezekani. Kisiwa chetu ni cha wakarimu."

"Weka pale," Rishfa alisema. Sahani ilikaa pale alipoiweka, na nzi ndio waliokula. "Pole kwa msiba."

"Ah, wacha tu! Naufal alikuwa mwanangu. Na kuuawa na mzembe, mtu wa kuja!" Alimtupia Motaleb jicho. "Hawa watu, dada, unawalisha, unawavisha, halafu ndiyo shukrani yao."

"Wewe mwenyewe unazamia?"

"Mimi? Nazamia kwenye hesabu." Alicheka peke yake. "Lakini kazi naijua yote, toka skrubu hadi kompresa. Biashara yangu."

"Basi nisaidie. Nataka nielewe kosa la huyu. Nionyeshe mtungi unavyofungwa sawasawa."

Ndoo ya maji ilikuwa palepale, mguuni pake. Shaugee alikunja mikono ya shati, akaupitisha mkanda, uliokwisha kukauka juani, kwenye mtungi, akavuta hadi mishipa ya shingo ikamtoka, akabana bizimu. "Hivyo. Hata tembo haung'oi."

"Ndivyo mnavyofunga siku zote?"

"Siku zote. Kama huyu angefunga hivi, Naufal angekuwa hai."

Rishfa aliuinua mzigo ule na kuutumbukiza kwenye pipa la maji ya mvua, akaangalia saa. Zilipita dakika kumi. Shaugee aliongea juu ya wageni wa Kijerumani, juu ya bei ya mafuta, kisha maneno yakamwishia. Rishfa alilitoa koti akalinyanyua kwa bega. Mtungi uliteleza ndani ya mkanda, ukashuka, ukagonga sakafu kwa kishindo.

Alichukua picha ya polisi iliyopigwa gatini, akaiweka mbele ya Shaugee. Maiti ilikuwa imelala kifudifudi, na mtungi umeshuka hadi kwenye makalio.

"Mtungi wa maiti ulishuka vile vile. Mkanda wa koti lile jipya una alama moja tu ya bizimu, maana ulikazwa mara moja tu tangu utoke dukani. Na ulikazwa mkavu. Kisiwa hiki kina mtu mmoja tu anayejidai anajua kufunga na hajui."

"Unanisingizia kwa sababu ya ndoo ya maji?" Manukato yalikuwa yameanza kuchanganyika na jasho. "Mahakama itacheka, dada yangu. Leta shahidi aliyeniona."

"Keti hapo. Thoriq, asitoke, asipige simu."

Shaugee alikuwa na haki katika jambo moja: ndoo haikutosha. Palihitajika mtu aliyeuona mwili, na mwili ulikuwa chini ya mchanga. Aliyeuona vizuri kuliko mtu yeyote ni yule aliyeuosha.

Mzee Alifulhu alikuwa ufukweni akipasua jodari. Matumbo yalikuwa yamerundikana miguuni pake, damu inachirizika kwenye mchanga, nzi wametanda. Rishfa alisimama upande wa upepo, akatoa salamu.

"Waalaykumu salaam, mwanangu. Najua umefuata nini. Sisemi."

"Sijauliza, baba."

"Utauliza. Mimi nimeosha maiti za kisiwa hiki miaka thelathini. Nilichokiona kwenye mwili wa mtu nimekizika naye. Aibu ya maiti husitiriwa."

"Ni kweli. Mtu akiwa na donda la siri, au chale, sitiri, Mungu atakusitiri nawe." Rishfa alichuchumaa, japo harufu ilimpanda hadi kooni. "Lakini nataka nikuulize hili. Alama aliyotiwa mtu na mwenzake, ni aibu ya nani?"

Mzee aliendelea kupasua. Kisu kilipita kwenye mgongo wa samaki kikilia.

"Kuna mtu anapelekwa gerezani saa kumi," Rishfa alisema. "Hana mama hapa wala ndugu. Ukinyamaza hutakuwa umemsitiri Naufal, utakuwa umemsitiri aliyemuua. Mnyonge mnyongeni, baba, haki yake mpeni."

Kisu kilisimama.

"Shaugee aliniletea sanda mwenyewe," mzee alisema taratibu. "Na udi, ule wa ghali. Akaniambia nimwoshe haraka, jua kali. Nikajiuliza, huyu lini alimletea mtu hata pakiti ya sabuni?" Alitema mate mchangani. "La kuvunda halina ubani. Kijana alikuwa na mfereji mwekundu, mwembamba, chini ya makwapa yote mawili na kifuani. Ulizama hadi ndani ya nyama. Kamba, mwanangu. Na kucha tatu za mkono wa kulia zilikuwa zimeng'oka."

"Zimeng'oka vipi?"

"Kama za mtu aliyekwaruza kitu kigumu asikiache. Nilizikuta chembechembe za nyuzi ndani ya nyama. Buluu." Alipandisha macho, nayo yalikuwa yamelowa. "Nilizitoa moja moja kwa pamba. Nilidhani namtakasa."

Sasa Rishfa aliona yote: Naufal alipokwama chini alitaka kulivua koti apande juu, fundo likakataa, kisha Shaugee akaivisha maiti koti jipya ili lawama imwangukie Motaleb. Alimwomba mzee aje kituoni aweke kidole gumba kwenye karatasi, naye alinawa mikono akaja.

Saa tisa na nusu Shaugee alikuwa ndani ya chumba cha mahabusu, akipiga kelele kwamba anamfahamu mtu fulani Malé. Rishfa alimwita Motaleb aende naye ghalani kulitambua koti namba saba.

"Si atakuwa amelichoma moto?" Thoriq aliuliza njiani.

"Bosi hatupi kitu," Motaleb akasema.

Ghala lilinuka ukungu na mpira uliooza. Makoti kumi na mawili yalipaswa kuning'inia kwenye misumari yenye namba. Msumari wa saba ulikuwa mtupu, na sakafu chini yake ilikuwa na dimbwi dogo la maji yasiyokauka bado. Nje, kwenye gati, injini ya boti ilikuwa inanguruma.

Walikimbia. Wageni sita walikuwa wamekaa kwenye benchi, mafuta meupe ya jua puani, na mbele yao alisimama kiongozi mpya aliyeanza kazi jana, siku moja baada ya mazishi. Alikuwa ameshajifunga kila kitu. Kifuani pake palikuwa na kamba ya buluu iliyolowa, fundo lake dogo na gumu. Namba saba ilisomeka begani.

"Zima injini!" Rishfa alipaza sauti. "Wewe, jina lako?"

"Azmeel, afande."

Thoriq alikohoa. "Ndiye kaka mkubwa wa marehemu."

Rishfa alimzunguka kama alivyomzunguka Thoriq mchana. Mgongoni, chini ya kiuno, palikuwa na kipande cha sponji kilichoshonewa kwa uzi mwekundu, mishono midogo, iliyopangwa kwa subira.

"Nani alishona hii?"

Azmeel alipeleka mkono mgongoni. "Mama."

"Kwa hiyo ulijua koti hili ni la nani."

"Nilijua."

"Na ukajua halikuwa mwilini mwake alipoletwa gatini. Ukajua kuna mtu amefungwa kwa uongo."

"Afande, ndugu yangu keshakufa. Nikisema, atarudi? Bosi alinipa kazi siku ileile, nina watoto wawili." Azmeel aliona Motaleb amesimama nyuma ya inspekta, pingu zinaning'inia kwenye mkono mmoja, akageuza uso. "Na huyu ni Mbangali tu. Wangemfunga kidogo, wangemrudisha kwao, basi."

Alilisema kwa lugha ya kisiwani, mbele ya mtu aliyeisema lugha hiyo miaka tisa. Rishfa aliona maneno yale yananuka kuliko mfuko wa nailoni, kuliko matumbo ya jodari, kuliko manukato ya Shaugee. Alitoa ufunguo, akafungua pingu kwenye mkono wa Motaleb, akazitia mfukoni.

"Hilo koti ni kielelezo," alimwambia Azmeel. "Vua."

Azmeel alishika fundo. Akavuta ncha moja, akavuta nyingine. Halikutoka. Akaingiza kucha. Alijaribu kulipandisha koti kichwani, kamba ikamkaba makwapani. Akajaribu kulishusha, mtungi ukamvuta nyuma akayumba. Pumzi zilianza kumpanda juu juu.

"Halitoki," alisema.

"Jaribu."

"Afande, halitoki! Linanibana!" Vidole vyake vilikwaruza fundo lile, vikateleza, vikarudi, na ghafla akasimama wima kabisa, mikono bado kifuani, macho yamemtoka. Alikuwa juu ya gati, kwenye jua, hewa tele ya Mungu imemzunguka.

Rishfa alimtazama, kisha akageuka kutafuta kisu.

Motaleb ndiye aliyechukua kisu cha boti kutoka kwenye ala yake. "Nikate wapi, afande?"

"Pembeni. Fundo lisiguswe."

Alisogea, akapitisha vidole viwili kati ya kamba na kifua cha Azmeel ili kisu kisimjeruhi, akakata mara moja. Akaupokea mtungi kwa mkono wa pili usimwangukie miguuni, akaulaza polepole kwenye mbao.

Azmeel alivuta pumzi ndefu, akajipapasa kifua, akapita ubavuni kwa Motaleb kama anayepita nguzo.

"Asante, afande," akamwambia Rishfa.